Kilebu wa Chotara Atafika Wapi?

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye baadhi yenu humpenda kwa kuwa hukesha akilinda nyumba nanyi mmelala, na baadhi yenu, mkimwona anakuja njiani, huinua pindo la kanzu na kushika upande wa pili. Na kwa kuwa sauti hii huingia katika nyumba za namna zote mbili, ni wajibu wangu kuomba radhi kwanza. Najua kuwa katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Walakini madhehebu hayo hayo hayakumzuia mtu kufuga mbwa wa kuwindia, wa kuchungia mifugo au wa kulindia shamba, na kila aliyesomeshwa habari za Watu wa Pangoni anajua kuwa hawakulala peke yao. Basi asiyependa mbwa na anisikilize kwa ajili ya hesabu, kwani mazungumzo ya leo aghalabu ni ya hesabu.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Kilebu wa chotara, yaani mtoto wa mbwa ambaye nasaba ya mama yake na nasaba ya baba yake hazifanani, atakuwa mkubwa kiasi gani siku atakapokoma kukua? Mwenye mbwa wa asili moja hana haja ya kuuliza, kwa maana akitaka kujua mtoto atakavyokuwa humtazama babu. Dume la mbwa wa Kijerumani, yule ambaye wengi wetu humwita mbwa wa polisi, husimama sentimita 60 hadi 65 mabegani na uzito wake huwa kilo 30 hadi 40. Jike hupungua kidogo, akawa na sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Mambo hayo yameandikwa, na mtoto akienda kinyume na maandishi mwenyewe humrudia muuzaji kwa ghadhabu. Lakini mbwa wengi wa miji yetu hawakuandikwa kokote. Ni mbwa koko, au ni uzao wa mbwa koko na mbwa wa tajiri aliyekuta geti wazi usiku mmoja, na shahidi wa ndoa zao ni mwezi na mapipa ya taka.

Mwaka jana jirani yangu, mwanamke mwenye duka la vitenge hapa Tanga, aliibiwa kuku mara tatu katika mwezi mmoja, na mara ya tatu mwizi alichukua na tenga lenyewe. Akaazimia kununua mbwa. Kando ya barabara alimkuta kijana ameketi na vilebu wanne ndani ya boksi, na kijana yule, ambaye ulimi wake ulikuwa umenolewa vizuri kuliko kisu cha mchinjaji, alimtoa mmoja mwenye rangi ya mchanga na mdomo mweusi, akamgeuza chali, akamshika guu la mbele na kumwambia, "Mama, tazama guu hili. Baba yake ni Mjerumani halisi. Ana wiki nane tu, na hivi ndivyo alivyo. Akifika mwaka utamfunga kwa mnyororo wa gari." Bei ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, naye akailipa. Alipofika kwake alimwita seremala kabla hajamwita mtu mwingine yeyote, akaagiza banda la mbao za mninga lenye mlango wa kupita ndama, kisha ndipo alipokuja kibarazani kwangu na kilebu ndani ya kikapu, akaniuliza, "Mwalimu, hebu nitazamie huyu. Banda litamtosha kweli?"

Nikamtazama. Alikuwa na macho ya upole, tumbo lililovimba kama la mtoto aliyekula udongo, na kwa kweli miguu yake ya mbele ilikuwa minene. Hapa nataka nitue kidogo, kwa sababu imani ya miguu imeenea duniani kote, kwa wajuzi na wasio wajuzi, na si uwongo mtupu. Mbwa mkubwa huhitaji mifupa minene ya kumbeba, na mifupa ya miguu hutangulia kunenepa kabla mwili haujafika. Kwa hiyo kilebu wa jamii kubwa huonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Lakini wako mbwa wa wastani ambao vitanga vyao ni vipana kwa asili, na wako mbwa warefu wenye vitanga vyembamba vilivyokusanyika kama vya paka, na zaidi ya yote yako macho ya mnunuzi, ambayo hupenda kuona kile ambacho mfuko umekwisha kukilipia. Ngozi iliyolegea, masikio makubwa na mkia mnene ni dalili za namna hiyo hiyo. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa ushahidi wa kiatu chake, na sioni kwa nini nimhukumu mbwa.

Tulikwenda kwenye mizani. Rafiki yangu mmoja wa siku nyingi ni karani katika ghala ya mbata, na ana mizani ya kuning'iniza yenye ndoana, ambayo huisifu kama mtu mwingine anavyousifu msikiti aliousimamia kujengwa. Alikubali kwa sharti kwamba mbwa asiguse ndoana, asiguse gunia, akae ndani ya kikapu chake, na kikapu kikiondoka kiondoke na najisi yake yote. Wapagazi waliacha kazi wakatuzunguka. Kikapu kitupu kilikuwa na kilo 1. Kikapu pamoja na kilebu, ambaye alikuwa amejikunja na kutoa pua tu katika ukindu, kilikuwa na kilo 8 na nusu. Basi kilebu alikuwa na kilo 7 na nusu, na papo hapo mpagazi mmoja aliyepata kufanya kazi katika nyumba za mabwana wakubwa akatupa kanuni aliyoisikia huko: chukua uzito, ugawe kwa wiki za umri, kisha uzidishe kwa wiki 52 za mwaka. Nikafanya hesabu kwa chaki ubavuni mwa pipa. Kilo 7 na nusu kwa wiki 8, mara 52, zikawa kilo 48 na robo tatu.

Jirani yangu alifurahi mno, na wapagazi wakamsogelea kilebu kwa adabu zaidi kuliko mwanzo. Mimi sikufurahi. Hata tukikubali kila neno la muuzaji, baba Mjerumani halisi hazidi kilo 40, na mama ni mbwa koko ambaye, kwa wale niliopata kuwaona wakipimwa, akizidi kilo 20 watu humwita jitu. Sasa inakuwaje mtoto amzidi baba yake karibu kilo 9 na mama yake karibu kilo 30? Kosa la kwanza lilikuwa katika kanuni yenyewe. Kanuni ile hudhani kuwa kilebu huongezeka kwa kipimo kimoja kila wiki hadi mwaka utimie, kama mtu anayejaza mtungi kwa kata moja kila siku, ilhali kukua kwa mbwa hakuendi hivyo: mwanzo huenda mbio, kisha hupunguza mwendo kidogo kidogo hadi ukasimama. Anayeuchukua mwendo wa mwanzo akaunyoosha hadi mwisho wa mwaka hupata mbwa mkubwa kuliko mbwa mwenyewe, na hivyo ndivyo kanuni ile inavyofanya mara nyingi.

Iko kanuni nyingine, nami naipenda zaidi kwa kuwa inatokana na kuwapima mbwa wengi na si kukata mwaka vipande sawasawa. Mbwa wa wastani akifika umri wa miezi 4 huwa ameupata takriban nusu ya uzito wake wa utu uzima. Mbwa mdogo hufikia nusu hiyo mapema zaidi, katika mwezi wa 3 hivi. Na mbwa mkubwa huchelewa hadi mwezi wa 5 au zaidi. Kwa hiyo mpime mtoto katika mwezi wa 4, uzidishe mara mbili, kisha ongeza kidogo kama ana dalili za ukubwa na upunguze kidogo kama ana dalili za udogo. Mwaka 2017 wataalamu wa Waltham, Uingereza, walichapisha majedwali ya uzito wa vilebu kuanzia wiki ya 12 hadi miaka 2, ya madume mbali na ya majike mbali, kwa mbwa ambao utu uzima wao hauzidi kilo 40. Ni kazi nzuri na ya bure kwa kila mtu. Lakini mwenye chotara akiyafungua hukuta kwamba jedwali humtaka kwanza achague mbwa wake atakuwa wa daraja gani la uzito akikua, na hilo ndilo neno alilokuja kuliuliza.

Kanuni zote hizo, nzuri na mbaya, zina mguu mmoja wa kusimamia, nao ni umri. Uzito bila umri ni kama bei bila kutaja bidhaa. Na umri wa kilebu wa barabarani unajuliwa na nani? Na muuzaji, ambaye ana kila sababu ya kuupunguza. Maana kilebu mwenye kilo 7 na nusu akiwa na wiki 8 ni mtoto wa jitu, na kilebu huyo huyo akiwa na miezi 4 ni mbwa koko kama mbwa koko wengine. Wauzaji wa mbuzi huongeza maji, wauzaji wa farasi hupaka rangi mvi, na wauzaji wa vilebu hupunguza wiki.

Tukatoka ghalani tukaenda kwa bwana mifugo mstaafu anayekaa mtaa wa pili, mzee mpole ambaye hutibu kwa miwani iliyofungwa uzi. Hakumpima. Hakumtazama miguu. Alimketisha kilebu mapajani, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba kama mtu anayefungua bahasha, akatuita tuone. Meno ya mbele ya juu, yale madogo ya katikati, mawili hayakuwapo, na mahali pao palikuwa pamechomoza meno mengine mapana, meupe, yenye ukingo uliochongeka mara tatu mithili ya ua la yungiyungi. Chonge za utoto zilikuwa bado zimesimama, nyembamba na kali kama sindano. "Huyu," akasema, "ana miezi minne, labda na siku chache juu yake. Wiki nane hawezi kuwa."

Elimu hii ya meno mkiishika mtaitumia maisha yenu yote. Kilebu huzaliwa kibogoyo. Meno ya utoto huanza kutokeza yapata wiki ya 3, na hata wiki ya 8 aghalabu yote 28 yamekamilika. Kati ya miezi 3 na nusu na 5 yale ya mbele huanguka na kupishwa na ya utu uzima. Chonge hufuata, takriban katika mwezi wa 5 au wa 6. Na akifika mwezi wa 7 meno yake 42 yametimia. Muuzaji aweza kusema lolote kuhusu nasaba, na hakuna wa kumbishia. Lakini pengo halina hila.

Basi nikaifuta chaki na kuandika upya. Kilo 7 na nusu katika mwezi wa 4, mara mbili, ni kilo 15; nikaongeza kidogo kwa ajili ya tumbo lile ambalo bwana mifugo alisema limejaa minyoo na limemdumaza, nikamwambia jirani yangu, "Dada, mimi nasema kilo 15 hadi 18. Mbwa wa wastani. Mlango wa ndama hautamfaa." Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipa seremala: "Mwalimu, baba yake ni Mjerumani."

Huenda kweli baba yake ni Mjerumani. Sikumbishia, na sasa nitawaeleza kwa nini neno la baba, hata likiwa la kweli, lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Jike la mbwa akiwa katika joto lake hukaa katika hali hiyo takriban wiki tatu. Mayai yake yakishatoka huhitaji siku mbili hivi kabla ya kuwa tayari kutungwa mimba, na mbegu za dume huweza kuishi ndani yake siku kadhaa zikingoja. Kwa hiyo jike aliyepandwa Jumatatu na dume mmoja na Jumatano na mwingine aweza, baada ya siku 63 hivi, kuzaa katika mkupuo mmoja vilebu wenye baba mbalimbali. Muuzaji anapokuonyesha vilebu wanne ndani ya boksi moja na kusema baba yao ni fulani, huenda anasema kweli kwa wawili na anakosea kwa wawili, na wala si lazima awe mwongo.

Tuseme baba anajulikana yakini. Mwingereza Francis Galton, aliyepima warefu na wafupi kwa uvumilivu wa ajabu, alichapisha mwaka 1886 hesabu za watoto zaidi ya 900 waliokwisha kukua na wazazi wao, akaonyesha kuwa urefu wa mtoto huelekea wastani wa wazazi wawili, kisha huvutwa tena kidogo kuelekea kimo cha watu wote. Yeye alipima wanadamu, lakini katika mbwa pia wastani wa wazazi ni mahali pazuri pa kuanzia, ukikumbuka kumwongezea dume na kumpunguzia jike. Tena kuna tofauti kubwa kati ya chotara wa kwanza na chotara wa machotara. Ukimpandisha mbwa wa asili moja kubwa kwa mbwa wa asili moja ndogo, watoto wao aghalabu watafanana wao kwa wao, nao watakaa katikati. Lakini ukiwapandisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe, wajukuu watatawanyika, mmoja akarudi kwa nyanya mdogo, mwingine akapanda kwa babu mkubwa. Mbwa wa mitaani kwetu ni machotara wa machotara wa machotara. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hawakukosea. Ila hawakutuambia urefu wake.

Kwa nini basi mbwa, ambaye ni jinsi moja tu ya mnyama, ana Chihuahua asiyefika kilo 3 na Great Dane anayeweza kupita kilo 60, wakati paka wa Zanzibar na paka wa London huweza kukaa katika mizani moja bila kushangaza mtu? Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani, akiwamo Elaine Ostrander, walitangaza kuwa sehemu kubwa ya siri imo katika jeni moja iitwayo IGF1, inayohusika na homoni ya kukuza mwili, na kwamba karibu mbwa wadogo wote wanashiriki namna moja ya jeni hiyo. Mwaka 2022 yakaja mengine ya kustaajabisha: badiliko linaloleta udogo lilionekana katika mabaki ya mbwamwitu aliyeishi Siberia zaidi ya miaka 50,000 iliyopita, kabla mwanadamu hajafuga mbwa. Udogo basi haukubuniwa na mabibi wa Ulaya waliotaka mbwa wa kupakata. Ulikuwamo katika damu, umelala, ukingoja kuchaguliwa. Jeni nyingine ziko, kadiri ya 20 zijulikanazo sana, na kila moja huongeza au kupunguza kidogo. Ama ufupi wa miguu una mlango wake wa pembeni: mwaka 2009 ilijulikana kuwa miguu mifupi ya mbwa kama Dachshund inatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, na kuirithi nakala hiyo kwa mzazi mmoja tu kwatosha kumfupisha mtoto. Ndiyo maana unaweza kukuta mbwa mwenye kifua cha simba na kichwa cha simba anayetembea kama meza ya kahawa.

Kuhusu mama nina neno zaidi, kwa sababu yeye ndiye shahidi anayepatikana; baba amekwenda zake. Mwaka 1938 Walton na Hammond wa Cambridge walichapisha habari za farasi wao. Walimchukua Shire, farasi mkubwa wa kuvuta mikokoteni ya mizigo, na Shetland, farasi mdogo kama punda wetu, wakawachanganya kwa njia ya sindano, kwa maana kwa njia ya kawaida jambo hilo lisingewezekana. Mtoto aliyetoka katika tumbo la Shire alizaliwa mkubwa kama mtoto wa Shire, na aliyetoka katika tumbo la Shetland alizaliwa mdogo kama mtoto wa Shetland, ijapokuwa damu zao zilichanganyika nusu kwa nusu. Tumbo lina amri yake. Kwa hiyo uzito wa kilebu siku ya kuzaliwa hueleza zaidi nafasi aliyoipata ndani kuliko mahali atakapofika, na yule mdogo kuliko ndugu zake wote siku ile si lazima abaki mdogo. Ukienda kununua, usiombe kuonyeshwa picha ya baba katika simu; omba kumwona mama, umtazame mabega yake, na kama hawezi kuonyeshwa, jiulize ni kwa nini.

Chakula nacho kina fungu lake, lakini si lile ambalo wengi hudhani. Kilebu akinyimwa chakula, au akiachwa na minyoo, ambayo wengine huipata kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa, hudumaa. Hilo ni kweli. Lakini kinyume chake si kweli. Kumshindilia ugali wa dona na dagaa mara tano kwa siku hakumpi mifupa ambayo nasaba haikumwandikia. Humnenepesha, humkuza upesi kupita mifupa yake, na kama ni wa jamii kubwa humharibu viungo. Wale wanaosaga mifupa au kununua vidonge vya chokaa ili mbwa awe jitu wanamdhulumu. Na anayehasiwa mapema sana, kabla mifupa haijafunga, huweza kurefuka kidogo kuliko ndugu zake, kwa kuwa homoni zinazoiamuru mifupa isimame zimeondolewa. Kufunga kwenyewe huonekana kwa picha ya eksirei. Lakini hata kwa mkono, ukipapasa miguu ya mbele ya kilebu juu kidogo ya kitanga, utakuta vifundo vilivyotokeza kama fundo la mwanzi, na vifundo hivyo vikishajificha jua kwamba safari inakaribia kwisha. Mbwa mdogo humaliza kabla au karibu ya mwaka, wa wastani mwaka au zaidi kidogo, mkubwa mwaka na nusu, na majitu hata miaka 2.

Turudi kwa kilebu wetu. Nilimwomba jirani amlete ghalani mara ya pili baada ya wiki 4, kwa maana mizani mara moja ni uvumi na mizani mara mbili ni habari. Kama kweli angalikuwa Mjerumani wa wiki 8, ambaye huongeza karibu kilo 1 kwa wiki, angalirudi na kilo 11 au 12. Alirudi na kilo 9 na robo. Karani wa mbata aliandika tarakimu hiyo katika ukingo wa daftari lake, chini ya ile ya kwanza, akasema mbwa huyu ana akaunti sasa. Katika umri wa miezi 6 alikuwa na kilo 11 na nusu, minyoo imekwisha, manyoya yanang'aa, na sauti yake imekuwa nzito kupita mwili. Mwizi wa kuku, kwa kadiri tujuavyo, hakuja kumpima.

Huenda mtu akasema: yote haya ni kwa ajili ya nini? Mbwa ni mbwa. Lakini mimi nimekaa mjini hapa miaka mingi, na nimeona vilebu walioahidiwa kuwa simba wakafukuzwa kwa kuwa wadogo, na nimeona vilebu walioahidiwa kuwa wadogo wakafungwa katika ua wa hatua nne kwa nne hadi mnyororo ukawatoboa shingo, kwa sababu walikua na nyumba haikukua. Wote hao huishia barabarani, huzaa, na uzao wao huwekwa ndani ya boksi kando ya njia. Kilebu hakumwahidi mtu lolote. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, mfungue mdomo kabla ya kufungua mkoba, mpime, mtafute mama yake, na yeyote akikupa tarakimu moja badala ya kiasi cha chini na kiasi cha juu, usimpe fedha.

Mwezi uliopita mbwa yule alitimiza miezi 14, tukamchukua ghalani kwa mara ya mwisho. Kikapu hakikumtosha tena, ikatubidi kutumia gunia la mbata lililotoboka, ambalo karani alilitoa kwa moyo mzito na kulifuta katika hesabu. Alikuwa na kilo 16 na nusu. Banda la mninga bado lipo uani kwa jirani yangu. Mbwa analalia upande mmoja, na upande mwingine kuku wametaga.